Nani Anaisimulia Ngome? Uhakiki wa Masimulizi ya Ziara katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na Makumbusho ya Majimaji, Songea

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maeneo ya kihistoria yenye asili ya vita yanavyosimulia habari zake kwa mtu anayeyazuru. Maeneo mawili yamechaguliwa: Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, yaliyopo kwenye makaburi ya wapiganaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hoja kuu ni kwamba simulizi la ngome ya Mombasa limepangwa kwa kufuata orodha ya walioimiliki. Kwa sababu hiyo, watu walioijenga, walioilinda, walioizingira na waliofungwa ndani yake pasipo kuimiliki hawapati nafasi ya kuwa watendaji katika kisa chake. Songea inambadili msimulizi kwa kuanzia kaburini, lakini nayo ina ukimya wake. Makala yanayasoma maeneo hayo sambamba na Utenzi wa Al-Akida na tamthiliya ya Kinjeketile, na yanahitimisha kwa kupendekeza maswali matatu ambayo mhakiki anaweza kuyatumia katika usomaji wa eneo lolote la aina hiyo.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia vita kwa muda mrefu. Tenzi za vita zimehaririwa na kufafanuliwa, tamthiliya za kihistoria zimefundishwa katika shule na vyuo, na suala la uhusiano baina ya historia na ubunifu limejadiliwa katika tasnifu nyingi. Hata hivyo, mahali penyewe palipopiganwa vita hivyo pameachiwa wanahistoria, wanaakiolojia na wataalamu wa utalii. Mwanafunzi husoma utenzi darasani, kisha huzuru ngome kama mtalii, na mara chache huulizwa kama vitu hivyo viwili vinasimulia kisa kimoja.

Mgawanyo huo una hasara. Watu wengi zaidi huijua historia ya Mombasa kwa kutembea ndani ya Ngome ya Yesu kuliko kwa kusoma utenzi wowote. Wanafunzi wa shule za msingi, wageni wa nje na wenyeji wanaosindikiza wageni wao huondoka pale wakiwa na kisa kichwani: kina mwanzo, kina wahusika wakuu, kina kilele na kina mwisho. Kisa hicho kimetungwa. Kama kimetungwa, basi kinaweza kuhakikiwa kwa zana zilezile tunazotumia kuhakiki riwaya au utenzi.

Makala haya yanajiegemeza katika dhana tatu za kawaida za nadharia ya usimulizi: msimulizi, mpangilio wa matukio na ukimya. Msimulizi ni yule ambaye kupitia kwake tukio linaonekana. Mpangilio ni utaratibu ambao msomaji, au katika muktadha huu mgeni, anakutana na matukio. Ukimya ni kile ambacho maandishi yanalazimika kukiacha ili kisa kiendelee jinsi kinavyoendelea. Data ya makala ni maandishi yaliyomo katika maeneo husika, mihtasari inayotumika kwa kawaida kuyaeleza, pamoja na kazi za fasihi zinazohusu matukio hayohayo. Suala la namna wageni wanavyopokea maelezo wanayopewa ni la utafiti mwingine na halishughulikiwi hapa.

2.0 Jiwe la Langoni: Maandishi ya Kwanza

Ngome ya Yesu ilijengwa kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ramani yake ilichorwa na msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 2011 ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miongoni mwa sifa zinazotajwa na shirika hilo ni kwamba umbo lake linaakisi fikra ya zama za Mwamko wa Ulaya, kwamba uwiano uliokamilika unapatikana katika mwili wa binadamu. Sifa hii inastahili kuwekwa akilini tangu mwanzo: ngome inasifiwa kwa kuiga mwili wa binadamu, ilhali miili ya binadamu waliokuwamo ndiyo inayokosekana katika masimulizi yake.

Andiko la kwanza la ngome, kwa maana halisi ya neno andiko, lipo juu ya lango. Ni jiwe lililochongwa maneno ya Kireno yenye tarehe ya mwaka 1639, likimsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Jiwe hilo linaeleza kwamba alipewa ukapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwamba aliijenga ngome upya, kwamba aliirudisha pwani katika utii, kwamba aliwaadhibu watu wa Pate na Siyu hata kuzibomoa kuta za miji yao, kwamba aliwatia adabu watu wa bara ya Mombasa, ambao leo tunawaita Wamijikenda, na kwamba aliwaua viongozi wa Pemba walioasi. Hatimaye linataja heshima aliyotunukiwa na mfalme kwa utumishi huo.

Kwa mtazamo wa utanzu, hili ni andiko la sifa. Lina mhusika mmoja tu mwenye jina, naye ndiye mtendaji wa karibu kila kitenzi. Miji na jamii zilizotajwa zinaingia katika sentensi kama watendwa: zinaadhibiwa, zinabomolewa, zinatozwa kodi. Sababu ya uasi wao haitajwi. Mfalme wa Mombasa aliyeiteka ngome mwaka 1631 anatajwa kwa wadhifa wa kidhalimu tu.

Mfalme huyo alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 baada ya ugomvi na Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala chini ya usimamizi wa wale ambao ugomvi wao na baba yake uliishia katika mauaji. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na Wareno waliokuwamo, wakiwamo raia, wanawake na watoto. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kuondoka kwa njia ya bahari.

Hapa pana kisa cha mtu mwenye majina mawili, dini mbili na deni la damu. Mtunzi yeyote wa tamthiliya angekitamani. Jiwe la langoni halikikatai kisa hicho. Linakifunika kwa neno moja la lawama. Jambo la kuzingatia ni kwamba jiwe limebaki mahali pake, nalo lina haki ya kubaki, kwa kuwa ni ushahidi wa kihistoria. Tatizo linaanza pale sauti ya jiwe inapoendelea ndani ya maelezo ya kisasa bila kutambuliwa. Hilo ndilo linaloonyeshwa katika sehemu inayofuata.

3.0 Hesabu ya Mara Tisa

Muhtasari unaorudiwa mno kuhusu ngome hii ni kwamba kati ya mwaka 1631 na 1875 ilitwaliwa na kupotezwa mara tisa. Kauli hiyo ni fupi, inakumbukika, na inampa mgeni kipimo cha umuhimu wa mahali alipo. Vilevile ni kauli inayoamua nani atakuwa mhusika. Ikiwa historia ya ngome ni hesabu ya kutwaliwa, basi wahusika wake ni watwaaji: Wareno, Yusuf bin Hasan, Waomani, Wamazrui, Sayyid Said, Waingereza. Kila mmoja anakuja kwa zamu yake na kumpisha anayemfuata. Muda baina ya kutwaliwa kumoja na kwingine unakuwa muda mtupu.

Kuzingirwa kwa ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndiko kipimo kizuri cha udhaifu wa hesabu hiyo. Katika orodha ya watwaaji, tukio hilo ni mstari mmoja: Waomani waliwaondoa Wareno baada ya takriban miezi thelathini na mitatu. Kumbukumbu za tukio lenyewe zinasema zaidi. Vita vilipoanza, ndani ya ngome mlikuwa na Wareno wachache na mamia ya wenyeji wa pwani waliokimbilia humo. Mwanzoni mwa mwaka 1697 maradhi yaliingia na kuwamaliza. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni wa mwisho alipofariki, ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza, jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane Waafrika na wanawake hamsini Waafrika. Watu hao ndio walioizuia ngome isitwaliwe hadi msaada ulipofika kwa bahari mwezi Septemba.

Tukio hili linavuruga kisa cha kawaida kwa namna mbili. Kwanza, linavunja mgawanyo rahisi wa wageni dhidi ya wenyeji. Faza na Pate, miji miwili ya kisiwa kimoja, ilikuwa na uhasama wa muda mrefu. Watu wa Pate waliwaunga mkono Waomani, na Bwana Daudi alikuwa upande wa Wareno. Waswahili walikuwa ndani ya kuta na nje ya kuta. Anayetaka kuisoma ngome kama kisa cha uzalendo atakutana na Bwana Daudi mlangoni, na hatakuwa na pa kumweka. Pili, tukio hili linaonyesha kwamba kwa majuma kadhaa ngome ya Wareno haikuwa na Mreno aliyeiongoza, na kwamba sehemu kubwa ya walinzi wake walikuwa wanawake. Kwa kuwa haikutwaliwa katika majuma hayo, hesabu ya mara tisa haina nafasi kwa ajili yao. Walichokifanya ni kuzuia tukio, na simulizi la watwaaji haliwezi kuhesabu kile ambacho hakikutokea.

Majina ya wanawake hao hamsini hayakuandikwa, na hakuna utafiti wa kimaktaba unaoweza kuyarejesha. Lakini idadi yao iliandikwa, na idadi ni maneno. Swali la kihakiki si kwa nini hatuna majina yao, bali ni kwa nini idadi iliyopo haimo katika muhtasari ambao kila mgeni anaondoka nao.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu ni kwamba bango la makumbusho lina nafasi ndogo, na mwongozaji wa wageni ana muda mfupi. Hoja hiyo ina uzito, ila haigusi kiini. Kubadili mtendaji wa sentensi hakuhitaji nafasi ya ziada. Sentensi isemayo kwamba ngome ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, na sentensi isemayo kwamba wanawake hamsini na wanaume wachache waliilinda ngome mwaka 1697, zinakaribiana kwa urefu. Kinachotofautiana ni macho yanayoangalia.

Vitu vinavyoonyeshwa vinathibitisha hoja hii. Merikebu ya Santo António de Tanna, iliyojengwa Bassein nchini India, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa. Wanaakiolojia waliichimbua chini ya maji katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimehifadhiwa katika makumbusho ya ngome. Mgeni anaweza kuona vyombo vya msaada uliotoka Goa. Waliokuwa wakiusubiri msaada huo hawakuacha kitu kinachoweza kuwekwa ndani ya kioo. Makumbusho hutegemea vitu, na vitu huachwa na wenye navyo. Kwa hiyo ukimya kuhusu wasio na vitu hautokani na nia mbaya ya mtu fulani. Ni matokeo ya utanzu wenyewe, na unaweza kurekebishwa kwa maneno tu.

4.0 Gereza: Kumbukumbu Iliyohifadhiwa na Neno

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya ngome kwa njia ambayo kuta hazikuweza. Neno gereza linahusishwa na wanaisimu na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani neno hilo lilitumika kwa maana ya ngome, na hadi leo ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza. Baadaye maana ya mahali pa kuwafungia watu ndiyo iliyotawala. Kanisa, ngome, kifungo: neno moja limepita katika hatua ambazo jengo lenyewe lilizipitia. Ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa. Jengo lilikuwa ngome ya kijeshi. Na kuanzia mwaka 1895 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ililifanya kuwa jela.

Matumizi hayo yaliendelea hadi mwaka 1958, yaani kwa miaka 63. Kipindi hicho ni kirefu kuliko tawala nyingi zilizomo katika orodha ya watwaaji. Isitoshe, ndicho kipindi ambacho wazee waliokuwa hai miaka michache iliyopita walikikumbuka kwa macho yao. Hata hivyo katika mihtasari ya kawaida miaka hiyo hutajwa kwa sentensi moja, kama kipindi cha mpito baina ya ngome ya kweli na makumbusho. Mwaka 1958 jengo lilitangazwa kuwa mnara wa kihistoria, James Kirkman akaongoza uchimbaji wa kiakiolojia, ukarabati ukafadhiliwa na Taasisi ya Calouste Gulbenkian ya mjini Lisbon, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960.

Mfadhili hakuandika historia ya ngome, na kazi ya Kirkman imebaki kuwa msingi wa kila utafiti uliofuata, ukiwamo huu. Lakini mhakiki hana budi kutambua wakati kisa kilipopangwa. Kilipangwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa fedha kutoka katika nchi ya waliojenga ngome, chini ya serikali iliyokuwa imeifanya jela hadi muda mfupi uliotangulia. Katika mazingira hayo, ni rahisi kuelewa kwa nini karne ya kumi na saba ilionekana kuwa historia, na wafungwa wa mwaka 1957 hawakuonekana hivyo. Mipaka hiyo ya mwaka 1960 si sheria kwa wasimulizi wa leo.

5.0 Ngome Inapotazamwa kutoka Mjini: Utenzi wa Al-Akida

Kutwaliwa kwa mwisho katika hesabu ya mara tisa kulitokea Januari 1875. Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa akida wa askari wa ngome na ambaye historia inamkumbuka kwa cheo chake, Al-Akida, aliasi dhidi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome kwa mizinga, na akida akasalimu amri. Katika orodha ya watwaaji hili ni tukio la mizinga na meli.

Abdallah bin Mas'ud al-Mazrui, aliyeishi wakati wa tukio hilo, alilitungia utenzi. Mbarak Ali Hinawy aliuchapisha mwaka 1950 katika kitabu chake kuhusu Al-Akida na Ngome ya Yesu. Utenzi huo ni muhimu kwa makala haya kwa sababu ya mahali anaposimama msimulizi wake. Msimulizi wa jiwe la langoni yuko ndani ya ngome, akiitazama pwani kama eneo la kuadhibiwa. Msimulizi wa utenzi ni mtu wa Mombasa anayeitazama ngome kutoka upande wa mji, miongoni mwa watu wanaomfahamu akida, wanaozifahamu koo zinazohusika na wanaojua nani alisema nini kwa nani. Kile ambacho orodha inakiita kutwaliwa, utenzi unakifanya kuwa mgogoro wa watu wenye majina, wenye utii wa kuvunjwa na heshima ya kupotezwa. Kanuni za utanzu zinasaidia: utenzi wa vita hauwezi kusonga mbele kwa kutaja majeshi pekee, unahitaji majibizano, barua, mashauri na wajumbe, na kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji mtu.

Hata hivyo, mhakiki asiupokee utenzi kama ukweli unaosahihisha uongo wa kuta. Mtunzi alikuwa wa ukoo wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa kutoka ngomeni humo hadi mwaka 1837, ambapo Sayyid Said aliushinda na viongozi wake wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Anayesimulia uasi wa akida dhidi ya mrithi wa Sayyid Said ana historia yake na pande zote mbili. Vivyo hivyo mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyotungwa katika miaka ya Wamazrui, ni sauti ya mji, lakini ni sauti ya mji unaopigana na Lamu na Zanzibar, na shairi lenyewe ni silaha. Faida ya fasihi hapa haitokani na kutokuwa na upande. Inatokana na kuuonyesha upande wake waziwazi, kwa jina la mtunzi na lahaja yake, ilhali bango la makumbusho huzungumza kama kwamba halijatungwa na mtu.

6.0 Songea: Kaburi Linaposimulia

Makumbusho ya Majimaji mjini Songea yanatoa nafasi ya kulinganisha, kwa kuwa yameanzishwa kwa mantiki iliyo kinyume na ile ya Mombasa. Hakuna ngome ya kuzuru. Kiini cha eneo ni kaburi la pamoja la wapiganaji zaidi ya sitini, wengi wao wakiwa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa baadaye na kuzikwa peke yake. Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika mahali hapo kwa kumbukumbu.

Msimulizi wa mahali hapa ni mshindwa. Mgeni haanzi na mjenzi wala mtwaaji. Anaanza na waliokufa, na maswali yote ya kihistoria yanaulizwa kutoka hapo. Zaidi ya hayo, ukimya wa Mombasa kuhusu mwili unageuka na kuwa mada kuu ya Songea. Kichwa cha Nduna Songea kinaaminika kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikidai. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika mahali hapo na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Ni nadra eneo la makumbusho kuwa na uwezo wa kumfanya mkuu wa dola kusema maneno hayo. Uwezo huo unatokana na mpangilio wake: penye kaburi, mgeni anawajibika kwa namna ambayo penye mzinga hawajibiki.

Pamoja na sifa hizo, simulizi la Songea nalo linahitaji kuhakikiwa kwa kipimo kilekile. Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza linahusu vita vyenyewe. Waliokufa katika Vita vya Majimaji kati ya mwaka 1905 na 1907 wengi wao hawakufa vitani wala kitanzini. Walikufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vijiji, akiba za chakula na mashamba. Makadirio ya jumla hutofautiana sana, kuanzia watu 75,000 hadi zaidi ya 250,000. Njaa haina shujaa, haina tarehe moja na haina kaburi moja, hivyo ni vigumu kuisimulia mahali ambapo kaburi ndilo msimulizi.

La pili linahusu wanawake. Mkomanile anatajwa kuwa mwanamke wa pekee miongoni mwa viongozi walionyongwa, na kutajwa kwake ni hatua muhimu ambayo Mombasa haijaifikia kwa wanawake wake hamsini. Lakini mwanamke wa pekee anaweza kutumika kuwafunika wengine: kwa kuwa yupo mmoja mwenye jina, msomaji anaridhika na haulizi habari za wale waliobaki na watoto katika mwaka wa njaa.

La tatu ni gumu zaidi. Wangoni wenyewe walifika eneo hilo katika karne ya kumi na tisa kutoka kusini mwa Afrika, na waliwashinda na kuwatawala wengine, wakiwamo Wandendeule. Nduna Songea alikuwa kiongozi wa jeshi kabla ya kuwa mhanga wa jeshi jingine. Ukweli huu haupunguzi uovu wa kitanzi cha Wajerumani. Unachodai ni kwamba mgeni aelezwe kuwa waliozikwa pale walikuwa watu wa historia, wenye maadui na raia wao, kama alivyokuwa Bwana Daudi wa Faza.

Ni katika jambo hili ambapo Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969, inafanya kazi ambayo makumbusho hayajaiweza. Hussein anatofautisha waziwazi baina ya Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, na mhusika wake wa jukwaani. Baada ya kuweka tofauti hiyo, anamruhusu mhusika kuwa na shaka. Kinjeketile wa jukwaani anaona kwamba neno alilolitoa limekuwa na nguvu kumshinda yeye; na mwishoni, anapotakiwa kukana maji, anakataa, kwa kuwa anajua kukana huko kutapokewaje na vizazi vijavyo. Mtazamaji anaondoka akiwa na heshima na shaka kwa pamoja. Mnara wa kumbukumbu hutoa heshima. Kwa shaka, hauna mahali.

Ushahidi wa kuwezesha usimulizi wa aina hiyo upo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya shuhuda za wazee kuhusu Majimaji katika maeneo mbalimbali ya kusini. Shuhuda hizo zina hofu, mabishano, ushirikiano na Wajerumani, na watu waliokataa maji. Zikisomwa sambamba na tamthiliya, zinaonyesha kwamba shaka aliyoijenga Hussein haikuwa ya kubuni tu.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho wa maeneo haya mawili haumaanishi kwamba Songea ni sahihi na Mombasa ni kosa. Unamaanisha kwamba kila eneo la vita linalozuriwa lina msimulizi, na kwamba msimulizi huyo huamua nani atatenda na nani atatendwa. Mombasa imemchagua mwenye ngome. Songea imemchagua aliyenyongwa. Kila uchaguzi una watu uliowaacha nje, na waliachwa na wote wawili kwa pamoja ni wale ambao hawakutwaa kitu na hawakunyongwa hadharani: walinzi wa muda, wafungwa wa kawaida, wenye njaa.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza maswali matatu kwa mhakiki wa eneo lolote la aina hii. La kwanza ni la kisarufi: katika sentensi kuu ya eneo, nani mtendaji? La pili ni la mpangilio: ziara inaanzia wapi, na ingeanzia mahali pengine kisa kingekuwaje? La tatu ni la ukimya: ni miili ya akina nani ambayo mahali hapa paliihitaji ili pawepo, na sasa haitajwi?

Kwa upande wa Ngome ya Yesu, maswali haya yanaelekeza kwenye hatua ambazo hazihitaji uchimbaji mpya. Majuma ya Agosti na Septemba 1697 yanaweza kusimuliwa kwa bango moja. Miaka 63 ya jela inaweza kukusanyiwa shuhuda kutoka katika familia za Mombasa kabla hazijatoweka. Utenzi wa Al-Akida unaweza kusomwa kwa sauti ndani ya kuta zilizopigwa mizinga mwaka 1875, ili mgeni asikie mji ukijibu jiwe la langoni. Kwa upande wa Songea, shuhuda za mwaka 1968 zinaweza kuwekwa karibu na kaburi, ili heshima isilazimike kuwa bubu.

Idara za Kiswahili zina sehemu yao katika kazi hii. Tenzi na tamthiliya za vita zimehaririwa kwa ajili ya vitabu. Hazijahaririwa kwa ajili ya mahali zilipotoka. Mtafiti atakayefanya hivyo atakuwa anaendeleza uhakiki pale ambapo wasomaji wengi zaidi wapo, yaani kwa miguu yao, kati ya lango na ukuta.